Kubadilisha mafuta ya giaboksi ya otomatiki mjini Bukavu: lini uifanye kazi hii nyumbani, na lini umlipe fundi

Gari la otomatiki linalopanda kila siku kutoka Nguba hadi Kadutu, mitaa ya Bukavu yenye milima, hufanya kazi ambayo gari lile lile lisingeifanya katika mji wa tambarare. Ndani ya giaboksi yake, ambayo wengi wetu huiita buati, mafuta yana majukumu manne kwa wakati mmoja: hulainisha gia na beringi, huondoa joto, husukuma vali na pistoni kwa presha, na hupitisha nguvu ya injini kupitia konveta, yaani ile ngoma ya chuma iliyo kati ya injini na giaboksi. Gari linapopanda mlima polepole huku aksileta imekandamizwa, konveta huteleza kwa ndani, na kuteleza huko hugeuka joto ambalo halina pa kwenda ila ndani ya mafuta hayo hayo. Ndiyo maana mafuta ya giaboksi huchakaa haraka zaidi Bukavu kuliko kitabu cha gari kinavyoonyesha kwa matumizi ya kawaida. Watengenezaji wengi hutaja kati ya kilomita 60 000 na 100 000, kisha huongeza kwamba teksi, magari ya milimani na yale yanayobeba mizigo mizito yapunguziwe muda huo. Kwa mji wetu, mimi napendekeza kilomita 40 000, na kwa teksi hata mapema zaidi.

Kuna usemi unaorudiwa katika magaraji mengi: «Papa, mafuta ya buati hayaguswi, ukiyabadilisha gari itakufa.» Usemi huu umeharibu magari mengi kuliko mafuta yenyewe, lakini una chanzo chake. Mwenye gari hukaa miaka bila kugusa chochote, diski za klachi zilizo ndani ya giaboksi huisha, gari huanza kuteleza, na hapo ndipo anapokimbilia kubadilisha mafuta akitumaini kwamba yataponya. Giaboksi ikifa wiki mbili baadaye, lawama huangukia mafuta mapya, ilhali ugonjwa ulikuwapo tayari. Sababu nyingine ni kwamba mara nyingi mafuta yaliyowekwa hayakuwa ya aina inayotakiwa, au kiwango chake hakikupimwa ipasavyo. Mafuta sahihi, kwa kiasi sahihi, katika giaboksi ambayo bado ni nzima, hayaui gari.

Kwa hiyo anayejiuliza kama afanye kazi hii nyumbani au amlipe fundi asianze na bei. Aanze na swali hili: je, nitaweza kujua kwa hakika kwamba kiwango cha mafuta ni sahihi baada ya kumaliza? Kutoa mafuta ni rahisi, na kuyatia ni rahisi vilevile. Kupima ndiko kunakotenganisha kazi ya nyumbani na kazi ya garaji.

Fungua boneti utafute kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi, ambacho ni tofauti na kile cha injini. Ukikipata, na gari halina dalili ya ugonjwa, kazi hii unaweza kuifanya mwenyewe. Usipokipata, giaboksi yako ni ile iliyofungwa, ambayo kiwango chake hupimwa kwa kufungua boliti ndogo ya ukaguzi chini ya gari huku injini ikinguruma na mafuta yakiwa katika joto maalumu. Katika baadhi ya giaboksi za Toyota joto hilo ni karibu nyuzi 40, katika nyingine karibu 50. Joto likiwa juu kuliko inavyotakiwa, mafuta huwa yametanuka, yatamwagika mengi, nawe utabaki na upungufu bila kujua. Kazi hiyo inahitaji skana ya kusomea joto la giaboksi pamoja na gari lililoinuliwa likiwa limelala sawa kabisa, na mtu asiye na vitu hivyo ampelekee fundi aliye navyo. Giaboksi za aina ya CVT, ambazo hazina gia za kawaida bali mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili, ningeziweka katika kundi hilo hilo, kwa sababu hazisamehe kosa la aina ya mafuta.

Kundi la tatu ni magari ambayo tayari yanaonyesha dalili: injini inapandisha sauti lakini gari haliongezi mwendo, gia inaingia kwa kishindo, au gari linachelewa kuondoka baada ya kuweka D. Hapo usinunue mafuta kwanza. Pima kiwango, kwa maana mara nyingine upungufu wa mafuta peke yake huleta dalili hizo, kisha gari lisomwe kwa skana.

Kuchagua mafuta

Sehemu hii nitakaa nayo, kwa sababu hapa ndipo makosa mengi hutokea. Magari yetu mengi yalitengenezwa kwa ajili ya Japani, yakapitia Dar es Salaam au Mombasa, na kitabu chake, kama bado kipo, kimeandikwa Kijapani. Habari njema ni kwamba katika Toyota nyingi aina ya mafuta imechongwa kwenye kijiti chenyewe. Kifute vizuri, kielekeze kwenye mwanga, nawe utasoma «T-IV» au jina lingine la aina hiyo. Pia kuna kibati cha utambulisho, chini ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, ambacho hutaja namba ya giaboksi, kwa mfano U140F au U340E. Kwa namba hiyo, fundi au muuza vipuri anayejua kazi yake ataweza kukuthibitishia.

T-IV na WS ni mafuta mawili tofauti ya Toyota. WS ni mepesi zaidi na yalikuja baada ya T-IV, na moja halichukui nafasi ya lingine. Dexron III, aina nyingine ya mafuta ya giaboksi ambayo ni rahisi kupatikana, si mbadala wa WS. Honda zina mafuta yake, kwanza Z1 na baadaye DW-1. Nissan za kawaida hutumia Matic, na zile za CVT hutumia NS-2 au NS-3. Mfano mmoja unaopotosha watu wengi ni RAV4. Ile ya kizazi cha pili, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 2000 hadi 2005, ina giaboksi ya gia nne. Ile iliyoifuata, kwa soko la Japani, ilitoka na CVT inayotaka mafuta yake maalumu. Majirani wawili wenye RAV4 wanaweza kusaidiana gurudumu la akiba, lakini wasipeane mafuta ya giaboksi kabla ya kusoma vibati vyao.

Je, mafuta yanayoandikwa kwamba yanafaa magari yote? Yakubali ikiwa tu lebo imetaja kwa jina aina inayotakiwa na gari lako. Herufi «ATF», kifupi cha Kiingereza cha mafuta ya giaboksi ya otomatiki, peke yake hazitoshi. Na popote utakaponunua, iwe Kadutu au kwenye duka kubwa la vipuri, nunua chombo kilichofungwa ambacho pete ya kifuniko chake haijakatika. Mafuta yaliyomiminwa kutoka kwenye pipa hadi kwenye chupa ya maji yana rangi nyekundu kama mengine, na rangi hiyo ni dawa ya kutambulisha tu. Haithibitishi ubora wala aina.

Kiasi cha kununua

Hapa kuna hesabu ambayo kila mwenye gari anapaswa kuielewa. Ukifungua boliti ya chini, mafuta yote hayatoki. Sehemu kubwa hubaki ndani ya konveta na katika mabomba yanayokwenda kwenye rejeta kupozwa. Tuseme giaboksi yako inabeba lita 8 na zinatoka lita 4. Baada ya kutia lita 4 mpya, nusu ya mafuta ndani ya giaboksi ni mapya. Ukirudia baada ya kulitembeza gari, robo tatu huwa mapya. Ukirudia mara ya tatu, unafikia asilimia 87 na nusu. Katika gari dogo kama Corolla, mara nyingi hutoka lita 3 hivi kila mara, kwa hiyo maendeleo ni ya polepole kidogo, lakini kanuni ni ile ile. Njia hii ya kutoa na kutia kwa awamu ni salama sana kwa giaboksi ambayo haijaguswa kwa muda mrefu, kwa kuwa mabadiliko huja taratibu. Mimi huiona kuwa bora kwa gari lolote ambalo hujui historia yake, na magari yetu mengi ni ya namna hiyo.

Vifaa na mahali

Unahitaji jeki, stendi mbili au nne za chuma, vigingi vya kuzuia magurudumu, spana au ufunguo wa pembe sita unaoingia sawasawa kwenye boliti ya kutolea mafuta (katika Toyota nyingi ni wa milimita 10), beseni, chupa au ndoo yenye alama za lita, faneli yenye mpira mrefu mwembamba wa kuingia katika bomba la kijiti, washa (pete ya kuziba) mpya ya boliti, na vitambaa safi visivyotoa nyuzi. Uzi mmoja wa kitambaa ukiingia kwenye vali za giaboksi unaweza kuziba njia nyembamba sana.

Mahali ni tatizo la kweli Bukavu, kwa sababu uwanja ulio tambarare si kila parseli inayo. Ukipima mafuta gari likiwa limeinama, kijiti kitakudanganya. Weka chupa ya maji iliyojaa nusu, ilaze kwenye sakafu, uangalie maji yameegemea wapi. Ikibidi, omba ua wa jirani au wa parokia kwa saa mbili. Na jambo moja lisilo na mjadala: usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, wala lililoegeshwa juu ya mawe au matofali. Mawe yetu ya volkano yana matundu ndani na hupasuka bila kuonya. Usipokuwa na stendi za chuma, usiifanye kazi hii nyumbani.

Kazi yenyewe

Kabla ya kutoa chochote, chukua tone moja la mafuta kutoka kwenye kijiti uliweke juu ya karatasi nyeupe. Mekundu au ya hudhurungi nyepesi ni ya kawaida. Meusi yenye harufu ya kuungua yanamaanisha kwamba diski zimeteseka. Yakiwa na rangi ya waridi na mazito kama maziwa, maji yameingia, mara nyingi kutoka kwenye rejeta iliyotoboka ndani, au kutokana na gari kupita kwenye maji ya kina. Hapo simama, kwa kuwa kubadilisha mafuta bila kuziba chanzo ni kupoteza fedha.

Tembeza gari kama dakika kumi ili mafuta yapate uvuguvugu, kisha lizime, weka P, vuta breki ya mkono, zuia magurudumu na uliinue. Yasiwe ya moto sana, kwani mafuta yaliyotoka mlimani huunguza ngozi vibaya, na bomba la moshi lililo karibu huunguza zaidi.

Sasa tambua boliti iliyo sahihi. Katika Toyota nyingi ambazo injini yake imelazwa kwa upana, giaboksi iko upande wa kushoto wa mtu aliyekaa ndani ya gari, na injini upande wa kulia. Kosa linalojulikana ni kufungua boliti ya giaboksi ukidhani ni ya injini, kisha kuongeza mafuta ya injini juu ya yale yaliyokuwamo; gari huondoka na injini iliyojaa kupita kiasi na giaboksi isiyo na kitu. Rangi ya mafuta itakuambia mara moja: ya giaboksi ni mekundu au yamewahi kuwa mekundu. Gari linalosukumwa na magurudumu yote manne lina pia sehemu ya kugawa nguvu yenye boliti zake na mafuta mazito yenye harufu kali ya kiberiti. Ukinusa harufu hiyo, umefungua mahali pasipo penyewe.

Fungua boliti taratibu, ukisogeza mkono kabla mafuta hayajaruka, uyaache yatoke mpaka yaanze kudondoka tone kwa tone. Boliti nyingi zina sumaku. Tope laini la kijivu linaloshika kidoleni kama masizi ni uchakavu wa kawaida, na unalifuta tu. Vipande unavyoweza kuvihesabu, vinavyong'aa au vyenye rangi ya shaba, ni habari nyingine kabisa; vihifadhi kwenye kikaratasi ukamwonyeshe fundi.

Kisha pima ulichotoa. Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, na ndiyo inayokuokoa. Mimina mafuta ya zamani kwenye chupa zenye alama, uandike: lita 3 na desilita 6, kwa mfano. Kiasi hicho hicho ndicho utakachorudisha, mradi kiwango kilikuwa sahihi kabla ya kuanza.

Kushusha sampu, yaani sinia la chuma lililo chini ya giaboksi, ili kusafisha sumaku na kubadilisha chujio, ni hatua ya hiari. Kwa anayefanya kazi hii mara ya kwanza, singeishauri. Boliti zake ni nyingi na dhaifu, hukazwa kwa nguvu ndogo ya nyutonimita 8 hivi, yaani kwa spana fupi na vidole badala ya bega. Ukizikaza kupita kiasi sinia hupinda na mafuta huvuja. Ukiamua kuishusha, rudisha kila sumaku mahali pake, weka gasketi mpya, na pale ambapo kiwanda kiliweka gasketi usiongeze silikoni, kwa sababu mabaki yake huenda moja kwa moja kwenye chujio.

Rudisha boliti ya kutolea ikiwa na washa mpya, uikaze imara bila kuikomoa. Tia mafuta mapya kupitia bomba la kijiti kidogo kidogo, ukibakiza desilita tatu hivi za mwisho. Shusha gari, washa injini, kanyaga breki, na upitishe mkono wa gia polepole katika kila nafasi, P, R, N, D na zilizobaki, ukitulia kidogo katika kila moja, kisha urudi P. Hapo pima kwa alama za baridi zilizo kwenye kijiti, uongeze kinachohitajika.

Sasa liendeshe gari kama dakika ishirini. Barabara ya kuelekea Kavumu inafaa kuliko kupanda na kushuka mjini, kwani inaruhusu gia zote kuingia na joto kupanda taratibu. Ukirudi mahali tambarare, acha injini ikinguruma, pitisha tena mkono wa gia, vuta kijiti, kifute, kirudishe mpaka mwisho, ukivute na usome alama za moto. Katika Toyota alama hizo zinahesabiwa mafuta yakiwa na nyuzi 70 hadi 80. Honda nyingi ni tofauti: hupimwa mara tu baada ya kuzima injini iliyopata joto, ndani ya dakika moja au moja na nusu. Mafuta yakipungua, pampu huvuta hewa. Yakizidi, gia huyapiga mpaka yakatoa povu, na povu halina presha. Yote mawili huleta kuteleza kule kule, kwa hiyo usiongeze «kidogo kwa usalama». Rudia kazi nzima baada ya kilomita 300 hadi 500, na tena mara ya tatu ikiwa mafuta yalikuwa meusi.

Ukimpelekea fundi

Fedha unazolipa garaji zinapaswa kununua vitu viwili ambavyo huna: lifti, na skana ya kusomea joto. Garaji isiyokuwa navyo itafanya kile kile ambacho ungefanya uani kwako, na pengine bila kupima. Linganisha gharama kwa ukweli: kwa njia ya awamu utanunua lita tisa hadi kumi na mbili za mafuta na kulipa kazi sifuri, lakini kama huna stendi na spana, bei yake iingie katika hesabu ya mara ya kwanza. Mashine ya kubadilisha mafuta yote kwa mkupuo inatumia kiasi kinachokaribia hicho na inamaliza siku moja. Inafaa gari lililotunzwa kwa ratiba. Kwa giaboksi iliyosahaulika kwa miaka, mimi ningeikataa hata kama ingetolewa bure.

Nenda na mafuta yako mwenyewe, simama pale yanapofunguliwa, na useme mapema kwa heshima: «Fundi, naomba unipimie uliyoyatoa, na unionyeshe joto kwenye skana kabla ya kufunga boliti ya ukaguzi.» Fundi mzuri hatachukia, kwa sababu ndivyo anavyofanya siku zote. Usikubali giaboksi isafishwe ndani kwa petroli au mazuti. Jambo hilo hufanywa kwa nia njema, lakini huondoa utando wa mafuta kwenye beringi na kuharibu mpira wa sili.

Mafuta ya zamani yafunge ndani ya vile vyombo ulivyonunulia mapya na uyapeleke kwenye garaji inayokusanya mafuta machafu. Sehemu kubwa ya Bukavu inateremka kuelekea ziwani. Kinachomwagwa kwenye mtaro wa Kadutu leo, mvua ya jioni itakifikisha Kivu, wanakovuliwa sambaza tunaowanunua sokoni. Halafu andika kwenye kipande cha karatasi tarehe, kilomita, aina ya mafuta na lita ulizotia, ukibandike chini ya boneti, na baada ya siku tatu inama utazame kama kuna tone jekundu kwenye sakafu.